Safari ya Meli Niliyoiunguza

Miwa inapochomwa kwetu Kidodi, harufu hukufikia kabla hujaona moshi. Ni kama harufu ya sukari iliyosahauliwa jikoni, tamu mwanzoni halafu chungu kooni, na nyuma yake huja majivu, vipande vyembamba vyeusi vinavyotua taratibu juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya masufuria, juu ya vichwa vya watoto. Mama alikuwa akiyaona tu anapaza sauti, "Zuhura, anua nguo!" nami natoka mbio. Watu wa kwetu wanaipenda harufu hiyo. Miwa huchomwa ili majani makavu na nyoka viondoke kabla wakataji hawajaingia, na ikichomwa leo jioni, kesho asubuhi malori yako shambani. Mimi siipendi. Siku hizi naishi Mikumi, nina cherehani yangu na watoto wanne, na nikienda Kidodi kumsalimia mama wakati wa mavuno, nafunga dirisha la basi hata kama jasho linanitoka. Abiria wenzangu hununa, na wana haki ya kununa.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu, mkubwa wa watoto sita, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Shangazi yetu alikuwa ameolewa Unguja, akatuma salamu kwamba anatamani kuwaona watoto wa kaka yake. Baba akasema miwa ikishauzwa tutakwenda wote, kwa meli. "Wote?" Mama aliuliza, huku ananyoosha kidole na kutuhesabu. "Wote. Nani abaki?" Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupanda meli isipokuwa Bamdogo Salumu, mdogo wake baba, aliyewahi kukaa Dar es Salaam na sasa alikuwa akilinda shamba letu la miwa. Basi Bamdogo akawa mwalimu wetu. Kila jioni alipanga mabenchi, vigoda na ndoo uani, akatuonyesha: hapa ngazi, hapa mlango, hapa atakaa mama na kichanga. Kila mkubwa alipewa mdogo wake wa kumshika mkono. Kisha akashika benchi na kulitikisa kwa nguvu, akisema hayo ndiyo mawimbi, na sisi tukajifunza kutapikia kwenye mfuko bila kuchafua wenzetu. Tulijizoeza kutapika kwa bidii kuliko tulivyojifunza hesabu shuleni.

Mama yeye hofu yake ilikuwa bandarini. Alikuwa amesikia kwamba pale watu ni wengi mno, mtoto akikuponyoka umempoteza. Akachukua kanga yake kuukuu ya rangi ya machungwa, akachana vitambaa sita, kila mmoja chake cha kufunga mkononi, ili anayepotea ajulikane ni wa nani. Vitambaa vikawekwa ndani ya begi jipya lenye zipu ambalo baba alilinunua kwa ajili ya safari hiyo tu, na begi likawekwa juu ya kabati. Lakini mwenye hamu kupita sisi sote alikuwa baba mwenyewe. Mtu mzima, mwenye ndevu, anamhoji mdogo wake kama mtoto. "Salumu, choo chake kikoje? Na usingizi unapatikana mle? Na kweli ukitazama pande zote huoni nchi kavu?" Bamdogo anajibu, "Huoni, kaka. Maji matupu." Baba anacheka peke yake, anatikisa kichwa, halafu kesho yake anauliza tena swali lilelile.

Tatizo likawa kungoja. Miwa haivunwi ovyo; chama cha wakulima kilikuwa kimepanga zamu, shamba kwa shamba, na zamu yetu ilikuwa mbali. Majirani walichoma, malori yakapita yamejaa, sisi tukabaki na mabenchi yetu uani. Kila siku nilimwuliza baba, "Lini?" Naye kila siku alinijibu, "Miwa ikienda, nasi tunakwenda." Nikakaa nikafikiri kwa akili yangu ya miaka tisa. Miwa inakwenda malori yakija. Malori yanakuja miwa ikichomwa. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeona hivyo, moshi jioni, malori asubuhi, haijakosea hata mara moja. Jamani, nilijiona mjanja! Nikashangaa watu wazima wanangoja nini wakati kiberiti kipo jikoni.

Alasiri moja mama alipokwenda mtoni kufua, nilichukua njiti tatu na ubavu wa kiberiti, nikaenda upande wa shamba ulio karibu na njia. Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ikashika. Majani makavu ya miwa hayaungui polepole. Yalilipuka kwa mlio wa mvua kubwa juu ya bati, na joto likanisukuma nyuma. Nilikimbia hadi nyumbani, nikanawa miguu, nikamchukua mdogo wangu wa mwisho nikambeba mgongoni. Nikaingia chumbani kulitazama begi. Roho ilikuwa inanidunda kwa furaha, naomba mniamini, kwa furaha kabisa. Nilikuwa nawaza kesho asubuhi baba atakavyoshangaa kuyaona malori.

Malori hayakuja. Hayakuja kesho wala kesho kutwa, kwa sababu hayakuwa na zamu ya kuja kwetu, na baba alipokwenda kuomba aliambiwa wapo watu waliochoma kwa utaratibu na miwa yao inangojea. Miwa iliyoungua haina subira. Siku ya tatu ilianza kutoa harufu ya kuchacha, nyuki wakajaa shambani, na kufikia wiki ikawa haina maana tena. Wala haikuchukua muda kumpata mwenye kosa. Bamdogo Salumu ndiye aliyekuwa mlinzi, na Bamdogo alikuwa mvutaji wa sigara. Alikuwa ametoka kibandani akapigana na ule moto kwa matawi mpaka viganja vikababuka, lakini hilo nalo lilihesabiwa kuwa ushahidi. Walisimama uani, palepale penye meli yetu ya mabenchi. "Kaka, wallahi sikuwasha mimi," alisema, mikono imefungwa vitambaa. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Umewaunguzia watoto safari yao." Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwao, mtoto mgongoni. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema kitu.

Wiki ile ile Bamdogo alihamia Magole kulima huko, na hakula tena nyumbani kwetu. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Baadaye nilinyamaza kwa kuona aibu ya kunyamaza kwangu, na aibu hiyo haikupungua, kila mwaka iliongezeka kidogo. Nilipoolewa nilitaka kusema, nikaona nitaharibu shughuli. Baba alipougua nilikaa kando ya kitanda chake siku tisa, namlisha uji, na kila siku nilijiambia kesho. Alifariki akiamini kwamba mdogo wake ndiye aliyemwunguzia miwa. Bamdogo alikuja kuzika. Aliingia kaburini kumpokea kaka yake kwa mikono ileile yenye makovu, kisha akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa napakua.

Sasa mwaka huu ni mimi ninayepanga safari ya meli, na wanangu wanne, wa mwisho ana miaka miwili. Mambo ni rahisi mpaka naona haya. Tiketi mume wangu amekata kwa simu, tumekaa mezani, chai haijapoa. Wanangu wameshaiona meli kwenye simu, ndani na nje, hadi choo chake. Hakuna aliyetikisa benchi. Nilipokaa kwenye cherehani kukata vitambaa vya kuwafunga mikononi, wakanicheka: "Mama, si tutakuwa na simu?" Nikakata vinne, mkono ukaendelea wenyewe, nikakata cha tano. Kesho yake nikapanda basi la kupitia Kilosa, nikaenda Magole.

Nilimkuta Bamdogo uani anapukuchua mahindi. "Shikamoo, Bamdogo." "Marahaba, mwanangu. Kwema?" Nikapiga magoti mbele yake kabla sijakaribishwa, maana nilijua nikikalia kigoda nitaanza kuuliza habari za mvua. Nikamwambia yote, njiti tatu, miguu niliyonawa, begi. Nililia, lakini nilisema mpaka mwisho. Aliendelea kupukuchua kwa muda, punje zinaanguka kwenye ungo, halafu akaacha.

"Kaka alijua?"

"Hapana, Bamdogo. Hakujua."

Akatazama viganja vyake. Nilingoja anitukane, ningeshukuru kama angenitukana. "Ulikuwa mtoto," alisema hatimaye. "Ule moto nimeshakusamehe. Lakini alipolala kitandani, Zuhura, hukuwa mtoto."

Nikafanya kilichonileta, nikatoa kile kitambaa cha tano nikamwekea mkononi. Nikamwomba afuatane nasi, nikamwambia nafasi yake ipo, atakaa na watoto awaonyeshe maji. Alikigeuzageuza, akakinyoosha juu ya goti, nikadhani atakifunga. Kisha akakikunja mara mbili na kunirudishia.

"Mimi meli nilishapanda, mwanangu. Ambaye hakupanda ni baba yako."