Namna tulivyomwambia binti yetu asiyeona wala kusikia kwamba bibi yake amefariki

Mwangaluka wakuu.

Huu uzi si wa kuchangamsha genge. Ni mambo ya nyumbani kwangu, majina tu ndiyo nimebadili. Atakayeona ni chai apite zake, leo sina nguvu za kubishana na mtu.

Mie ni fundi baiskeli hapa Dutwa, Bariadi. Nina binti, tumuite Milembe, ana miaka saba. Hasikii kabisa, na macho yake yanaambulia mwanga tu. Alizaliwa hivyo.

Maneno tuliyosemwa tuyaache. Kuna ndugu waliotaka apelekwe kwa mganga, mama yangu mzazi akawatimua na mchi mkononi.

Mama alitoka kwake Nkololo akaja kukaa kwetu ili amlee mjukuu, maana mke wangu anauza mchele na mie nashinda kijiweni. Yeye na Milembe walilala kitanda kimoja.

Sasa kuhusu mtandao. Mwanzoni nilikuwa na-google "mtoto kipofu na kiziwi". Aisee, utaletewa mahubiri ya uponyaji na matangazo ya dawa mpaka bundle linakata!

Mwalimu mmoja anayefundisha watoto wenye mahitaji maalumu pale mjini Bariadi ndiye aliyenifungua macho. Akasema andika "kiziwi asiyeona", ukikosa andika kwa Kiingereza, deafblind. Hilo la pili ndilo lenye mali. Kuna kurasa za wazazi, video, PDF za walimu, na zote bure. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini simu inatafsiri, na penye picha huhitaji tafsiri.

Tulichochota huko ni hiki. Kabla ya jambo lolote, mtoto unampa kitu ashike. Kijiko, maana yake tunakula. Kipande cha sabuni, tunaoga. Jambo likiisha, anakiweka mwenyewe kwenye kapu la vilivyokwisha.

Na kila mtu anakuwa na alama ya kuguswa, ili mtoto ajue nani kaja. Mie ni ndevu. Mama yake ni kilemba. Bibi alikuwa bangili ya shaba, ile nzito ya kizamani, aliyoivaa tangu usichana wake.

Mtoto aliyekuwa anagonga kichwa ukutani siku moja akaja mwenyewe na kijiko mkononi. Yaani anaomba chakula! Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Basi bwana, mwaka huu baada ya kuuza pamba mama akaugua, akafariki. Tukamzika kwake Nkololo. Milembe tulimwacha kwa jirani. Wazee walisema mtoto asisogezwe msibani, na sisi wazazi tukaona ndiyo huruma.

Vitu vya mama vilipogawanywa, bangili ilikwenda kwa dada yangu Minza, anayeishi Lagangabilili. Ni haki yake, mtoto wa kike ni yeye peke yake. Akaivaa palepale.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Minza alipokuja kututembelea, alimkuta Milembe mlangoni. Kumbe muda wote ule alikuwa anamsubiri bibi yake. Minza akamshika mkono kumsalimia, Milembe akaigusa bangili.

Wakuu, yule mtoto alicheka! Akamvuta shangazi yake moja kwa moja mpaka kitandani kwa bibi, akamsukuma alale. Minza akalala, hajui afanyeje. Milembe akapanda, akampapasa uso, akapapasa masikio, akanusa shingo. Akarudi kwenye bangili. Akarudi kwenye uso.

Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu azaliwe, na siitaki tena.

Kuanzia hapo aligoma. Kijiko anatupa. Sabuni anatupa. Ukimgusa anang'ata. Alikonda mpaka nikaogopa tutarudi Nkololo na jeneza dogo. Alama zote tulizomfundisha alikuwa haziamini tena, maana bangili ilimdanganya.

Nikarudi kwenye simu. Niliandika kwa Kiswahili, simu ikageuza: mtoto kiziwi asiyeona, bibi yake kafa, namwambiaje? Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Kumbe wapo wazazi walioandika juu ya hilohilo, na walimu pia. Wanasema usimfiche. Aguse kitanda kitupu, aguse nguo, apelekwe kaburini. Na umweleze kwa njia ileile unayotumia kila siku.

Njia yetu ya kila siku ni kapu. Kwa hiyo bangili ilitakiwa iingie kapuni, palepale kaburini, na isivaliwe tena na mtu.

Nikampigia Minza. Aliwaka!

"Kaka, nyie mmebaki na mji na ng'ombe. Mie nimebaki na hii tu. Leo niitie kapuni na vijiko? Na huyo mtoto anajua nini kuhusu kufa?"

Akakata simu. Sikumlaumu, hata mie ningewaka.

Lakini Jumamosi akatokea mwenyewe bila taarifa. Alipomwona mtoto alivyoisha, akakaa chini pembeni yake. Milembe akapapasa, akaikuta bangili, akausukuma ule mkono mbali. Hakulia wala nini. Aliusukuma tu, akageukia ukuta.

Minza akaivua. 

"Twende Nkololo," akasema.

Tulikwenda sote, mke wangu kabeba kapu na mto aliolalia mama. Udongo wa kaburi ulikuwa bado laini. Tukampa Milembe ule mto akaunusa. Tukautembeza mkono wake juu ya kaburi, kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha tukampa bangili, tukamgusisha na kapu, tukasubiri.

Hatukumsukuma. Alikaa nayo mpaka jua likatuchoma. Anaigonga kwenye udongo, anatulia, anaigonga tena. Mwishowe akalivuta kapu, akaiweka ndani taratibu, akaifunika na kiganja.

Akalia. Safari hii kilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa. Minza akampakata, wakalia wote, na mie nikalia mbele ya mke wangu bila aibu.

Jioni alikula ugali.

Nililojifunza ni kwamba mtoto wa namna hii naye anafiwa. Usipomwambia anabaki anasubiri, na kule kusubiri ndiko kulikokuwa kunammaliza wa kwangu. Na maarifa yapo, tatizo mengi yapo kwa Kiingereza. Mzazi au mwalimu mwenye kurasa za Kiswahili aziweke hapa chini. Mwenye swali aulize, hata kwa Kisukuma nitajibu. Mwenye kejeli naye aandike, ila aje kijiweni kwangu kwanza amsalimie Milembe.

Bangili ipo chini ya kapu mpaka leo. Minza anakuja kila mwezi. Mwanzoni tulitaka hereni ziwe alama yake, Milembe akazikataa.

Alama ya shangazi yake aliichagua Milembe mwenyewe. Anaushika mkono wa mgeni, anapapasa pale bangili ilipokuwa. Akikuta mkono mtupu wenye kovu dogo pale shaba ilipomchubua Minza, anajua shangazi kaja, anampisha akae.