Ruhusa ya Kwenda Haja

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kupokea simu za wateja katika ofisi moja ya Hurlingham, Nairobi. Ukitaka kwenda choo, uliinua mkono kama mtoto wa chekechea, ukangoja msimamizi akukubalie. Niliuliza sababu. Nikaambiwa ni utaratibu. Nikauliza ni utaratibu wa nani, na tangu siku hiyo nikajulikana kama mtu wa maswali.

Kwa hiyo wenzangu waliponialika nyumbani kwa mmoja wao mtaani Jamhuri, Jumapili baada ya kanisa, tuzungumzie kujiunga na chama cha wafanyakazi, walijitafutia taabu. Afisa wa chama alifungua kwa sala, chai ikamiminwa, nami nikaanza. Yeye amechaguliwa na nani? Mwajiri akikataa kututambua, je? Na mbona viongozi wa vyama huzeekea vitini?

"Buda, wacha tukunywe chai," jamaa mmoja akaniomba. "Hata Mungu amechoka na maswali yako."

Wengi walijiunga siku hiyo. Mimi nilisema nitafikiria.

Wiki iliyofuata mwenzetu mjamzito aliinua mkono, akanyimwa ruhusa, akaenda hivyo hivyo. Akapewa barua ya kufika mbele ya wakubwa aeleze kwa nini asifutwe kazi. Afisa wa chama akamwambia sheria inamruhusu kuingia na mfanyakazi mwenzake. Mwenzetu huyo akanichagua mimi.

"Mimi? Na hata sijajiunga!"

"Si wewe ndio unajua kusumbua watu? Leo sumbua wenye wanastahili."

Tuliingia pamoja. Mashtaka yakasomwa. Nikauliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. Meneja akamtazama msimamizi. Nikauliza mjamzito alipaswa kujizuia hadi lini. Msimamizi akatazama dirisha. Nikauliza kama meneja naye huinua mkono, na mwenzangu akanikanyaga mguu.

Walitutoa nje, wakashauriana, wakatuita tena: arudi kazini, na atoke kila anapohitaji.

Kwenye ngazi alicheka huku machozi yakimtoka. "Asante, ndugu yangu. Lakini umeona vile meneja alikuwa anakuangalia? Sasa mwenye anafuata ni wewe."

Nililiwaza hilo hadi ghorofa ya chini. Hapo nikampigia simu afisa wa chama, nikamwomba anisajili. Akaanza kunieleza faida za uanachama.

"Hizo utaniambia kesho," nikamkatiza. "Wewe nisajili kwanza."