Nyasi Alizokanyaga Mwanawe

Mimi shule niliishia darasa la pili, basi nitaandika kama ninavyosema. Asiyependa aache.

Wakati wa Mwingereza niliolewa Kishanda nikitokea kwetu Kagoma. Mume wangu alikaa nami miezi mitano, akaenda Buganda kutafuta kazi, kama walivyokwenda vijana wengi wa Kihaya siku zile. Nikabaki na mama yake. Wawili tu, katika nyumba ya msonge kubwa iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi.

Msonge ni nyumba ya nyasi tupu. Paa lake linaanzia juu kabisa na kushuka mpaka chini, hakuna ukuta wala dirisha, na mlango ni mmoja. Ndani tulitandika nyasi sakafuni, tukazikalia na kuzilalia. Moto tuliwasha katikati ya hizo nyasi, kwenye mafiga. Watu walizaliwa humo, wakazeeka humo, hawakuungua. Ila walikuwa na adabu ya moto: nyasi zikikauka zinatolewa zote, zinatupwa migombani, zinatandikwa mbichi.

Mama mkwe wangu alikataa kuzitoa.

"Hizi amezikanyaga mwanangu siku ya kuondoka," aliniambia. "Hazitoki mpaka arudi azikanyage tena. Ukitaka usafi, tandika juu yake."

Hiyo haikuwa mila ya Wahaya. Ilikuwa yake mwenyewe, ya upweke wake. Lakini mkamwana hasemi. Mkamwana anapiga magoti, anamwita mkwewe "Mae" na kuitika "waitu," basi. Nikaitika waitu. Kila wiki nilikwenda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja vya migomba, nikakata, nikabeba kichwani, nikatandika juu ya za zamani. Miaka miwili. Sakafu ikawa nene kama godoro, ukikanyaga unazama. Juu kijani, chini kavu kama ugoro.

Barua haikuja hata moja. Jioni tulikula ndizi na maharage, yeye upande wake, mimi upande wangu, bila neno. Nilipiga magoti kumpa chakula, nikapiga magoti kutoa chombo. Nadhani kwa siku nilitembea zaidi kwa magoti kuliko kwa miguu. Mama yangu mzazi alikuwa Kagoma, si mbali, lakini sikuruhusiwa kwenda bila sababu, na kulia si sababu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimetoka kutandika nyasi mpya, kwa sababu katekista alisema atapita Jumapili. Ndizi zilikuwa mafigani, ndiyo kwanza nimezifunika kwa majani. Mama mkwe akataka kuvuta kiko. Akachukua kaa la moto kwa vidole, kama walivyofanya bibi wote, mikono yao ilikuwa migumu. Akalipeleka kwenye kiko. Kipande kikadondoka.

Nilikiona. Kilianguka kati ya mguu wake na nguzo, kikazama kwenye nyasi. Yeye akaendelea kuvuta, akitazama mlangoni.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilijua nikisema, "Mae, umeangusha moto," ataniuliza kama nimeolewa kuja kumchunguza. Nikajiambia nyasi za juu ni mbichi, kitazimika. Nikaendelea kumenya ndizi za jioni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa watu hudanganyika. Sikuona mwali. Moto ulikwenda chini kwa chini, kwenye zile nyasi kavu za miaka miwili, na zile mbichi za juu zikaufunika. Tulichokiona kwanza ni moshi, nao haukutoka pale kaa lilipoangukia. Ulitoka upande wa pili, pale anapolala, mweupe, mzito, kama maziwa yanayofurika. Tukageuka kuutazama. Tulipokuwa tunautazama, mbugu lililotenga chumba, lile pazia la gome la mti, likawaka lote kwa mara moja kuanzia chini hadi juu. Kisha paa. Paa la msonge likishika halisubiri.

Siwezi kutaja dakika, hatukuwa na saa. Nitasema hivi: zile ndizi za mafigani zilikuwa hazijaanza hata kutokota.

Mimi nilikuwa tayari niko magotini, nikimenya. Hicho ndicho kilichoniponya, si akili. Moshi ulijaa juu ukashuka, ukafika usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, lakini pale chini karibu na nyasi palikuwa na hewa kidogo, na niliona mwanga wa mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama. Nilimwona kuanzia kiunoni kwenda chini tu, kama mtu aliyekatwa.

Miguu yake haikuelekea mlangoni. Ilielekea ndani.

"Mae! Unakwenda wapi?"

"Kanzu yake! Kanzu ya mwanangu iko kwenye nguzo!"

"Iache!"

"Niiache? Atavaa nini akirudi?"

Nikasema neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu mzima yeyote. "Mae, piga magoti!"

Moto ukalia. Halafu sauti yake juu, ndani ya moshi, kavu: "Nani apige magoti? Mimi? Kwako?"

Akakohoa. Akakohoa tena. Nikasikia kishindo cha mtu kuanguka.

Nilikuwa karibu na mlango. Ningeweza kutoka. Sisemi nilikuwa jasiri. Nilifikiri tu kwamba akifa nitabaki peke yangu kabisa, sina hata wa kunikemea. Nikavuta hewa nikiwa uso chini kwenye nyasi, nikafumba macho, nikatambaa kwa kupapasa. Mkono ukagusa kisigino. Sikumgeuza, sikumwinua. Nikashika miguu yote miwili nikamburuta kinyumenyume, magoti yangu yakijua njia kwa sababu yaliipita kila siku.

Majirani walioona moshi walikuwa wamefika na majani ya mgomba mabichi na vibuyu vya maji. Wakatupokea mlangoni. Paa likaanguka nyuma yetu, na ndama tuliyekuwa tukimfunga humo ndani sikumsikia hata kulia.

Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo, akapiga makofi. "Hee! Mkamwana umemburura mama mkwe kama mbuzi wa mnadani! Na nguo zimempanda!"

"Mfunike basi," nikamwambia, "badala ya kutazama."

Alipozinduka aliniuliza neno moja. "Kanzu?"

Nikatikisa kichwa. Akageuza uso upande wa migomba.

Tulihamia kwenye kibanda kidogo kilichokuwa uani. Sauti yake haikurudi tena sawasawa, ilibaki ya kukwaruza, na kifua kilimtesa. Alikaa nami mpaka mavuno ya kahawa ya mwaka uliofuata. Siku moja tulikuwa tunaanika kahawa uani, akaniuliza bila kunitazama.

"Lile kaa. Uliliona likianguka?"

"Niliona, Mae."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akachambua kahawa kwa muda. "Hata mimi nililihisi, lilinichoma kwenye mguu. Niliona aibu kuinama kulitafuta mbele yako."

Baada ya wiki chache tulimzika kibanjani. Mwanawe hakurudi, na kama alirudi, hakukuta pa kukanyaga.

Niliolewa tena, Buhembe, nikazaa. Hayo ni mengine. Nyumba yangu ya sasa ni ya bati na saruji, ina milango miwili, na watoto wangu wako miji ya mbali. Wajukuu wakija Krismasi, kabla hawajala nawaambia wafumbe macho watambae kutoka chumbani mpaka nje. Wanacheka, wanagongana vichwa. Wacheke, mradi watambae. Na nawaambia: mkiniona bibi yenu nimeangusha kaa, msininyamazie kwa heshima. Nipigieni kelele.

Lakini Krismasi ni moja kwa mwaka. Siku nyingine najaribu mwenyewe. Jumamosi nikimaliza kufagia, napiga magoti kando ya kitanda, nafumba macho, nakwenda. Ni magoti kumi na manne mpaka mlango wa nyuma. Juzi jirani alipita akanikuta katikati ya sebule.

"Bibi, umepoteza nini nikusaidie kutafuta?"

"Sijapoteza kitu. Moshi ukiingia, njia ni hii. Shuka na wewe tujaribu."

Akacheka, akasema atakuja siku nyingine, akaenda zake. Yalikuwa yamebaki magoti sita. Nikayamaliza peke yangu.