Begi la Mjomba

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia ushujaa. Nikiona askari barabarani nahisi nimekosa jambo, hata kama mkononi nina fungu la mchicha tu. Nashona nguo Mkomaindo, hapa Masasi, kwenye njia ya kwenda hospitali, na nikimaliza siku bila mtu kuniuliza maswali nalala vizuri.

Mdogo wangu wa kiume hayuko hivyo. Yeye anacheka na kila mtu. Alikwenda mjini akapata kazi uwanja wa ndege, upande wa kupakia na kushusha mizigo ya abiria. Uwanja gani sitasema. Kwa mama yetu, anayeishi Chilangala, huko Newala, na mikorosho yake, kazi ile ilikuwa kama uwaziri. Ndege ikipita juu ya shamba huwaambia majirani, "Hiyo mwanangu kaipakia," na nani angembishia.

Binti yangu alipomaliza darasa la saba tulimpeleka kwa bibi yake huko akachezwe unyago. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kukosekana na ngoma ikachezwa, lakini mwali kutoka bila zawadi ya mjomba ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo mdogo wangu akatuma begi kwa basi. Nikalipokea stendi ya Masasi: begi dogo la magurudumu, rangi ya buluu, ndani yake viatu vyekundu, manukato na vitenge. Zuri kweli. Ila mimi ni fundi, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye bitana. Pembe moja ilikuwa imefumuliwa ikashonwa upya kwa mkono, kwa uzi mweupe, na mtu asiyejua kushona.

Nikampigia simu. "Begi la nani hili?"

"Dada nawe! Mizigo mingine hukosa wenyewe, tunagawana. Mpelekee mama."

Nikampelekea mama. Mdogo wangu alikuwa ameshampigia kumwambia nini kinakuja, kwa hiyo alinisubiri barazani, akalifungua mwenyewe na kuwaita majirani waje kunusa manukato.

Siku moja kabla ya mwali kutoka nilikuwa dukani namalizia gauni lake. Mteja niliyekuwa nampima alikuwa anaangalia video kwenye simu, akanigeuzia na mimi nione. Waandishi wa habari walikuwa wamewatega wapakiaji wa mizigo. Walijifanya abiria, wakaweka vitu vya thamani kwenye mabegi yao, na humo ndani kamera ndogo. Mikono inafungua zipu, inachopoa simu, inafunga tena kama si yenyewe. Nyuso zimefichwa. Nilicheka na mteja wangu, nikasema mjini kweli kuna mambo. Kisha mwandishi mmoja, dada mwembamba, akanyanyua begi la buluu. Akafumua bitana, akatia kidude cha kuonyesha begi liliko, akashona kwa uzi mweupe. Alishona vibaya. Begi hilo, akasema, limeibwa zima zima, na wao wanalifuata popote linapokwenda.

Nikampima mteja kiuno mara tatu, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia sijala tangu asubuhi.

Nilimpigia mdogo wangu mpaka kidole kikachoka, simu imezimwa. Nilijua yuko njiani, maana mjomba lazima awepo. Kulipokucha nilifunga duka, nikatia mkasi kwenye pochi, nikapanda gari la Newala. Nia yangu ilikuwa moja tu: nifumue ile pembe, nikitoe kile kidude nikakitupe chooni, ndugu yangu asifungwe. Kila gari lililotufuata mlimani nilidhani ni la waandishi. Dereva aliposimama kuchimba dawa nilitamani nimvute shati arudi ndani.

Nilichelewa. Ngoma ilikuwa imeshakolea, uwanja wa mama umejaa watu, na begi liko mezani katikati, limefunguliwa, viatu vimepangwa mbele yake. Mdogo wangu amekaa kwenye kiti cha mbele na koti lake, ameshika soda. Nikainama kama namsalimia.

"Lile begi lina kidude ndani. Wanalifuata. Nimeona kwenye video."

"Acha uoga, dada. Mambo ya mitandao hayo." Lakini alinyanyua soda akairudisha chini bila kunywa.

"Basi kaliondoe."

"Mbele ya watu wote hawa?"

Hapo alikuwa na haki, na ndiyo ikanizidishia hofu. Kwetu zawadi ya mwali haitolewi kimya kimya. Ikishawekwa mezani haiguswi mpaka itajwe hadharani, nani katoa na ni nani kwa mtoto, na watu washangilie. Ukiiondoa kabla, umemkataa mwali. Mkasi ulikuwa kwenye pochi na begi liko hatua chache tu, lakini kulifikia sikuweza. Nikakaa na wanawake wenzangu, napiga makofi.

Wageni wawili waliingia mchana huo, mwanamume na mwanamke aliyejifunga khanga kama sisi. Hakuna aliyewauliza wamealikwa na nani. Mwenye kuja ngomani ni mgeni, anapewa sahani. Walimpa mama shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakala ugali wa muhogo, wakatoa simu wakaanza kupiga picha. Kila mtu alikuwa anapiga picha. Yule mwanamke alipogeuka upande wangu nikamtambua: dada mwembamba wa kwenye video. Nikazidi kupiga makofi.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Begi hili, viatu hivi, manukato haya, vimetoka kwa mjomba wa mwali! Anafanya kazi uwanja wa ndege!" Mama akainuka akacheza, ameshika kiatu kimoja juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Sisi wenyewe tulikuwa tunawatangazia.

Kelele zilipotulia yule dada akasogea kwa mdogo wangu, kwa adabu kabisa, simu mkononi. "Hongera, mjomba. Begi zuri. Umelipata wapi?"

Watu wakanyamaza wasikie sifa. Mdogo wangu akatabasamu lile tabasamu lake. Akanyoosha mkono kwangu.

"Mimi nimeleta mwili tu. Begi kanunua dada yangu huyo. Fundi cherehani, anashinda mnadani Masasi kwenye mitumba."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama, yeye akawa anatazama soda yake. Njia nzima nilikuwa nimetetemeka kwa ajili yake, na alinitoa kirahisi kama mtu anayeonyesha mwenzake kilipo choo.

"Lakini nimeambiwa ni la mjomba," mshereheshaji akasema, bado na kipaza sauti mdomoni.

Nikamgeukia mama. Nilimtegemea yeye. Alijua begi limetoka wapi. Alishatazama uso wa mwanawe, na wangu, na simu ya mgeni, na niliona ameelewa, si yote, ila ya kutosha. Akashusha kile kiatu.

"Nilikosea mimi kusema," akasema. "Uzee huu. Ni la huyu binti yangu." Kisha kwangu, taratibu, kwa sauti aliyokuwa akinibembelezea nikiumwa: "Mwambie mgeni, mwanangu. Ulinunua wapi?"

Simu ikageuzwa kwangu. Binti yangu, aliyetakiwa ainamishe kichwa mpaka mwisho, alikuwa amekiinua ananitazama.

"Mnadani," nikasema. "Masasi."

"Kwa nani?"

Mama akaanza kigelegele, wanawake wakamwitikia, ngoma ikapigwa, na yule dada akaendelea kuniuliza kitu nisichokisikia. Walipoondoka walibeba begi lao. Vitenge na viatu walituachia mezani.

Sehemu ya pili ya ile video bado haijatoka. Mdogo wangu anaendelea na kazi. Hunitumia salamu kupitia kwa mama. Mimi nashona. Pikipiki ikisimama nje ya duka, sindano inanichoma kidole. Jioni moja mama alinipigia, akaniuliza hali, akaniuliza mvua, akafika alipokuwa anakwenda.

"Hata wakija polisi, usimtaje ndugu yako. Ana kazi yake, na ndiye mjomba wa watoto wako."

Nikasema nimesikia. Nilitaka kumuuliza kama na mdogo wangu amemwambia asinitaje mimi. Nikamwitikia kwa heri yake, nikakata bila kuuliza, kwa sababu niliogopa atanijibu.