Stiki Isiyokuwa na Uzi

Mwaka ninaosema ni ule tuliokula ugali wa mtama asubuhi na jioni. Unga wa mahindi ulikuwa umepanda bei hadi watu wa hapa Bondeni wakawa wanauangalia dukani kama picha ya harusi ya mtu mwingine. Sukuma wiki tulichemsha kwa maji na chumvi. Mafuta tuliyaonja Jumapili. Basi mwaka huo ndio mtu wa stiki alikuja kwangu.

Nina stiki za hoki nyingi, zimejaa chumba kizima. Si zile za kung'ara za dukani. Zangu zimechezewa. Mume wangu alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja hapa mjini, na mimi nilikuwa nafua jezi. Mchezaji akivunja stiki au akiichoka, hakuirudisha kwao. Aliiacha mlangoni petu akisema, "Mama, hii imeniletea mabao mawili leo." Majirani waliniambia nizichome, ni kuni nzuri. Nilikataa. Shule niliacha darasa la tatu, kalamu sikuiamini, kwa hivyo kila stiki niliifunga uzi kwenye mpini. Uzi mwekundu, walishinda. Mweusi, walipigwa. Fundo moja kwa kila bao. Mpaka leo nikishika uzi wowote nitakuambia mechi ilikuwaje na nani alilia. Mwenye digrii ajaribu hiyo.

Mjukuu wangu pia anacheza. Sisemi kwa sababu ni wangu, lakini akiwa na mpira mabeki humfuata kama kuku wanaomfuata mtu mwenye mahindi. Yeye ndiye aliyempata huyo mtu kwa simu. Mtu anajenga ukumbi kule Naivasha wa vitu vya zamani vya michezo, na alitaka stiki zangu ziwekwe kwenye vioo.

"Na jina la babu litaandikwa juu ya mlango, shosho," mjukuu aliniambia. Alisema hivyo akishika kifua. Alimpenda sana babu yake.

Mtu akafika. "Niaje, mathe."

"Mathe ni wa kwenu. Mimi ni mama, na hapa viatu vinavuliwa."

Akavua. Soksi ilikuwa na shimo, kidole kikubwa kinachungulia. Hapo nikamheshimu kidogo.

Alijua kazi yake, hilo simnyimi. Alinusa mipini, akapapasa mikwaruzo, akanikataza kuziosha hata siku moja. Alisema jasho na matope ndiyo thamani yenyewe. Kwa kila stiki aliandika karatasi kwamba imechezewa, katika mechi fulani. Mimi nasoma uzi, yeye anaandika, halafu naweka kidole gumba kwenye wino, nagonga. Tulienda hivyo mpaka kidole kikawa buluu kama cha mpiga kura.

Halafu akatoa ile ya nyuma ya mlango.

"Mama, hii haina uzi."

Nilipangusa wino kidoleni.

"Na ndiyo kali kushinda zote. Mti wa zamani, umepindwa kwa mkono kule India. Ona hapa kichwani." Akapitisha kidole kwenye doa jeusi. "Hii ni damu. Kuna mtu alitolewa meno! Hii inakaa katikati, chini ya picha ya mzee wako. Ilikuwa mechi gani?"

"Hii haikuchezewa. Siweki kidole."

Akacheka, akidhani nataka kubembelezwa. Akasema bila hiyo hachukui hata moja, na ukumbi atautafutia vitu kwingine. Akatoka nje kupiga simu, atupatie nafasi tuongee.

Mjukuu, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, alinirukia kwa maneno. "Shosho, ni nini? Unamnyima babu jina lake!"

Ndipo nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu.

Ilikuwa wakati wa zile fujo za uchaguzi, yeye bado ananyonya. Stiki hiyo ililetwa ifungwe utepe wa mpini. Ilikuwa haijagusa mpira. Babu yake aliichukua akaenda kwenye lango la nyumbani na wanaume wengine, eti kulinda nyumba. Jirani yetu, fundi wa baiskeli, akatokea akikimbia. Alikuwa wa kabila lile lingine. Wanaume wakapiga kelele kwamba tunavamiwa. Lakini mimi nilikuwa dirishani, nikaona. Hakuwa anatushambulia. Alikuwa anakuja kwetu kujificha, kama alivyotufichia watoto juzi yake. Babu alimpiga mara moja. Fundi alikufa siku ya tatu.

Mume wangu aliiosha bombani, doa likakataa. Nilimwambia aichome. Akasema, "Iache hapo niione." Aliiona mpaka akafa kitandani mwake, na padri akamzika kwa sifa. Mjane wa fundi alihamia Kiamunyi. Bado huja kunisalimia, ananiita dada. Hajui. Chai namwekea, na hajui.

Mjukuu aliigeukia ile stiki. Kisha akauliza, kama mchezaji, "Alishika kwa mikono miwili?"

"Miwili."

Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Babu amekufa. Huyo fundi pia amekufa. Weka tu kidole, shosho. Sema ilikuwa mechi. Nani ataumia?"

Nilijaribu kumwona yule mjane akipita mbele ya kioo, akisoma jina la mume wangu mlangoni, akisimama kuishangaa damu ya mumewe kama damu ya mchezo. Mtu akarudi na karatasi yake, ameshaiandika, akaifungua ile chupa ya wino. "Haya mama, ni kidole tu."

Mjukuu akaushika mkono wangu, akawa anauvuta kuelekea kwenye wino. Pole pole, kwa adabu, lakini anavuta. Nikaunyakua.

"Hii haikuchezewa. Siweki kidole."