Daftari la Mama Kamala, Mkeka wa Riziki

Nilikwenda Wamaza kufuata daftari. Hivyo ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza hapa Kasongo, na nilijibu kwa uso mkavu kabisa. Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa themanini, jalada la buluu, limejaa maneno ya Kisanskriti niliyoyaandika nikiwa msichana. Nilikuwa nimeliacha kwa rafiki yangu Riziki miaka kumi na moja iliyopita, siku niliyoondoka Wamaza kwenda kuolewa Kindu.

Siku ile ile Riziki alianza kunisukia mkeka. Kwao, mtu wa nyumbani akisafiri husukiwa mkeka wake, nao ukifika mwisho huachwa ncha moja wazi, nyuzi zikining'inia. Hiyo ncha hufungwa siku msafiri anaporudi na kuukalia. Ikifungwa kabla hajarudi, maana yake wamekwisha kumhesabu na wafu. Riziki alinionyesha ule msingi wa nyuzi, akacheka, akasema nisimchoshe kwa kungoja.

Nikamchosha. Mwanzoni njia zilifungwa na vita, kisha simu yangu ikapotea pamoja na namba zote, kisha watoto, kisha ikawa aibu tu. Aibu ikikaa miaka mingi huota mizizi. Mwaka jana mume wangu alihamishiwa kazi Kasongo, na Wamaza ikawa karibu kiasi kwamba sikubakiwa na kisingizio. Ndipo nikajipatia cha kusema: naenda kufuata daftari.

Alfajiri, Kasongo. Shofa wa pikipiki alikuja kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake. Anaitwa papa Shabani, mtu wa Nyangwe, amekulia kwenye mitumbwi ya Lualaba na bado anaendesha pikipiki kama anayepiga kasia, mabega yakienda huku na huku. Alifunga mzigo wangu: sukari, sabuni, kitenge cha Riziki, kitenge cha mama yake. Akaniuliza naenda kufanya nini.

"Kufuata daftari," nikasema.

"Kaye?" Akageuka kunitazama; kaye ndilo jina la daftari huku. "Mama, njia hii yote juu ya kaye? Hapa Kasongo makaye imeisha?"

Nilimwambia aendeshe.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeyaacha mashamba ya mihogo ya pembeni mwa mji na kuingia kwenye udongo mwekundu. Pikipiki za wafanyabiashara wa Salamabila zilitupita zikiwa zimebeba madumu na magunia hadi dereva haonekani. Mimi nilifumba macho kwa ajili ya vumbi, na nilipofumba macho nikamwona Mama Kamala.

Alikuwa mjane Mhindi wa Bujumbura, mwenye duka la vitambaa, nami nilikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani. Kila asubuhi kabla ya chai alitandika jamvi sebuleni ili afanye yoga, na kwa kuwa hakupenda kukaa peke yake, alinikalisha ubavuni. Nikisinzia alinigonga goti kwa mwiko. Kila siku alinipa neno moja, nami nililiandika. Yoga, alisema, ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Asana ni mkao: mwili ukae imara lakini usiteseke. Prana ni uhai wenyewe, ule unaosafiri pamoja na pumzi, na pranayama ni kuiongoza hiyo pumzi badala ya kuburutwa nayo. Mudra ni ishara ya mikono, inayofunga nguvu isimwagike. Neno mantra alinieleza maana yake, neno takatifu la kurudiwarudiwa, lakini hakunipa lolote la kwangu. Alisema mantra hupokewa kwa mwalimu, yaani guru, katika siku ya kuingizwa iitwayo diksha, na yeye si guru, yeye ni muuza vitambaa. Nilimpenda kwa jibu hilo. Mimi ni Mkristo na alilijua. Alisema nichukue pumzi, maombi yake nimwachie mwenyewe.

Wakati wa Mama Kamala nilikuwa sina kitu na nilikuwa na furaha sana. Nimemkumbuka mara nyingi tangu afariki, lakini siku ile barabarani nilimkumbuka hadi nikasikia harufu ya iliki.

Karibu na saa tano tulifika kwenye daraja lililokatika. Magogo mawili tu yalikuwa yamebaki, na papa Shabani akaniambia nivuke kwa miguu, yeye atapitisha pikipiki majini. Magogo yalikuwa na utelezi. Nikasimama pale katikati, nikajikuta nafanya kile nilichofundishwa: kuvuta polepole, kushika kidogo, kutoa polepole zaidi. Nilivuka. Papa Shabani alikuwa ananiangalia kutoka ng'ambo, maji yakimtoka kwenye suruali.

"Ile pumuzi unavuta, hata sisi ku Nyangwe tunavuta vile," akasema. "Mbele ya kuingia mu maji ya nguvu. Nani alikufundisha?"

"Mhindi wa Bujumbura."

"Kumbe nayeye alikuwa mutu wa mutumbwi."

Baada ya daraja njia ilikuwa ya vilima, na kila kilima kilinirudishia miaka yangu mitatu ya Wamaza. Baada ya Bujumbura nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko. Nilikuwa mgeni asiye na ndugu pale, na mama yake Riziki, mama Salima, alinichukua tu, bila kikao wala maelezo; jioni moja aliniwekea sahani, na tangu hapo sahani yangu ilikuwepo. Yeye na Riziki ni Waislamu. Nilipomweleza kwamba Wahindu wana mala, shanga mia na nane za kuhesabia mantra, alitoa tasbihi yake mfukoni, akaitazama, akasema basi watu wa mbali nao wana vidole vinavyosahau.

Jioni mimi na Riziki tulikaa uani kwenye mkeka wake, tukivuta pumzi kwa kufuata daftari. Wanawake wachache wa jirani walijiunga. Tulikwenda vizuri hadi niliposoma ukurasa wa kundalini. Nikaeleza, kama Mama Kamala alivyoeleza, kwamba katika mafundisho ya Tantra iko nguvu iliyolala chini ya uti wa mgongo, imejikunja kama nyoka, na ikiamshwa hupanda ikipita kwenye chakra, yaani magurudumu, moja baada ya jingine hadi utosini. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama, akajikung'uta kitenge, akasema yeye hawezi kukalia nyoka. Kesho yake hakuja mtu isipokuwa Riziki. Tulicheka hadi mama Salima akatufukuza uani.

Saa nane mchana, Wamaza. Shule imepata bati jipya. Mti wa karibu na kisima haupo. Nyumba ya Riziki ilikuwa pale pale, na Riziki mwenyewe alikuwa kibarazani, amenyoosha miguu, nyuzi za mwale za kusukia mikeka zimetapakaa mapajani mwake. Bado anasuka. Ameongezeka mwili na nywele za mbele zimeingia mvi. Nilishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri.

Hakuinuka.

"Karibu, Mwalimu," akasema.

Zamani aliniita ndugu yangu. Mwalimu aliniita mbele ya wageni tu.

Sasa nitasema kosa langu, na sitalipamba. Unapofika katika nyumba ambayo hukufika siku nyingi, kwetu huulizi kitu kabla hujauliza watu. Unauliza mmoja mmoja, wazima na wagonjwa, na kama kuna aliyekufa unaambiwa, unakaa chini, unalia naye kwanza. Mtoto mdogo analijua hilo. Lakini mimi nilikuwa nimerudia sentensi moja njia nzima, na woga ulipoukaza ulimi wangu, ndiyo sentensi iliyotoka.

"Nimekuja kufuata lile daftari langu."

Riziki aliweka nyuzi chini.

"Kaye ililiwa na muchwa," akasema. "Niliiweka mu sanduku ya mama. Tulikimbia vita, tukalala mu pori. Kurudia, sanduku iko, kaye iko unga."

Nikasimama pale na vitenge viwili mkononi. Kwa kweli machozi yalinitoka, na aibu yangu ni kwamba yalikuwa ya daftari. Maandishi yale ndiyo sauti pekee ya Mama Kamala niliyokuwa nayo duniani. Nikamwuliza kama hata ukurasa mmoja haukubaki.

"Bahati." Aliniita jina langu kwa sauti ya chini. "Uliuliza kaye mbele ya kuuliza mama."

Ndipo nikaangalia mlango. Kiti alichokalia mama Salima kila siku hakikuwepo.

"Mama iko wapi?" nikauliza, kwa Kiswahili cha uani kwao, ambacho sikuwa nimekisema kwa miaka kumi na moja.

"Mama alikufa. Inaenda mu mwaka ya tatu sasa."

Nilikaa chini pale pale udongoni. Nililia kwa sauti, kama inavyotakiwa na zaidi ya inavyotakiwa, nikitaja jina lake na ile sahani. Papa Shabani alivua kofia. Riziki aliniacha nilie hadi mwisho, kisha akaingia ndani na kutoka na mkeka, akautandika mbele yangu.

Ulikuwa wangu. Niliujua kwa mstari mweusi tuliochagua pamoja. Na ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa, msuko wa nyuzi tatu, umekazwa vizuri.

"Ulifunga lini?"

"Kisha kilio ya mama. Watu walikuwa nasema, Bahati atasikia tu, atafika. Nilingoja siku tatu. Nilingoja arobaini. Nikasema, kama Bahati iko muzima hawezi kukosa kilio ya mama. Basi nikafunga." Akapangusa uso kwa mkono. "Nilikulilia na weye. Nililia watu wawili."

Nilimwambia nilikuwa mzima na sikuja, na kwamba hakuna njia ya kulisema jambo hilo likawa zuri. Riziki alinipikia sombe na bukari, majani ya muhogo na ugali, akaniwekea sahani, tukala.

Asubuhi ya siku ya pili niliamka nikamkuta kibarazani na mkeka wangu magotini. Alikuwa anaufumua ule mwisho. Alifungua fundo kwa fundo kwa ncha ya sindano ya kusukia, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nikakaa karibu ili nisikie.

"Ida," alinong'ona, akivuta uzi wa kushoto. "Pingala," wa kulia. "Sushumna," wa katikati.

Hayo ni majina ya nadi tatu kubwa, njia ambazo prana hupitia mwilini: ida upande wa kushoto, pingala upande wa kulia, zinazopishana kuizunguka sushumna iliyonyooka katikati ya uti wa mgongo. Ukurasa wa arobaini na kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau moja kati ya hayo matatu.

"Unayakumbuka?"

"Ninasuka nayo kila siku. Kushoto, kulia, katikati. Mukono ikikosea, maneno inaurudisha." Alitazama juu kidogo. "Kaye ilikuwa yako. Maneno iko yangu vilevile."

Tulikaa hivyo hadi jua likafika kwenye vidole vya miguu. Alifumua, nami nikapokea nyuzi. Shakti, akasema, ile nguvu ya kike ambayo bila yake hakuna kitu kinachosogea. Alisema mama yake alilipenda hilo, alilisema akinyanyua ndoo. Dhyana, kutulia akili mahali pamoja, nalo Riziki mwenyewe alilifanya akisuka bila kujua kama amelifanya. Hata tantra alilikumbuka, na maelezo ya Mama Kamala kwamba neno hilo hutumika pia kwa nyuzi zilizotandwa tayari kufumwa. Nilisikia sauti ya mjane wa Bujumbura ikitoka katika kinywa cha mwanamke wa Wamaza, na lafudhi ya Kibangubangu juu yake. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja.

Fundo la mwisho lilipofunguka nilijisogeza nikaukalia mkeka.

"Sasa nimerudi," nikamwambia. "Tufunge pamoja."

Riziki aliniacha nikae, akachambua zile nyuzi, akazilaza vizuri. Kisha akatikisa kichwa.

"Bado. Ulikuja juu ya kaye." Hakusema kwa ukali. "Nitafunga siku ile utakuja bila kuuliza kitu, ndugu yangu."

Mchana niliondoka. Kitenge cha mama Salima nilikiacha juu ya kaburi lake kwa muda, kisha Riziki akakikunja na kukiweka katika lile sanduku. Papa Shabani alipofunga mzigo uliokuwa mwepesi, aliniuliza kaye iko wapi. Nilimwambia imeliwa na mchwa. Alifikiri hadi tukafika kwenye daraja, ndipo akasema safari haikupotea, maana nimelia vizuri.

Nimerudi Kasongo sasa. Nimenunua daftari jingine, na nimeandika ndani yake maneno yote aliyonirudishia Riziki. Safari hii ilinifundisha kwamba neno huishi kwa mtu anayelifanyia kazi kila siku, na kwamba nilijua mambo mengi ya kuunganisha huku nimemwachia rafiki yangu ncha wazi miaka kumi na moja.

Daftari litabaki hapa mezani. Mwezi ujao, mvua zikipungua, papa Shabani atanipeleka tena Wamaza, na sina kitu cha kuuliza.