Jina la Chumba cha Ndani

Dada yangu tunamwita Bi Lebo. Jikoni kwake kila kopo lina karatasi: chumvi, sukari, hata kopo tupu limeandikwa "tupu". Nikimcheka, hunijibu kwamba ndiyo kazi inayomweka mjini.

Kazi yenyewe ni kuandika programu. Ndiye aliyeandika ile inayopanga zamu za wagonjwa wa kusafishwa damu hospitalini, na baba yetu ni mmoja wao, kila Jumanne na Ijumaa. Pembeni ya kila kitu kwenye programu huweka lebo: hiki ni jina, hiki ni saa. Huandika polepole, feni ikizunguka, macho yamelegea, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba aliyoiota. "Hapa sebuleni," hunong'ona. "Hapa kwa jirani."

Jirani ni kalenda aliyoiazima, programu ndogo iliyoandikwa na watu asiowajua. Ina milango ya wageni, na ina vyumba vya ndani ambavyo majina yake huanza na kistari, yaani pita mbali. Alasiri moja kompyuta ilimpendekezea jina la kistari, akaliweka kwenye lebo yake. Kistari alikiona. Mawazo yalikuwa mbali, akaendelea.

Jumanne moja wenye kalenda wakatoa toleo jipya. Walikuwa wamepanga upya vyumba vyao, na ni haki yao. Programu ya dada ikalitafuta jina lile, isilione, ikagoma kuwaka. Wauguzi wakabaki kubahatisha nani anafuata. Baba alikaa kwenye benchi saa nne nzima, miguu imevimba, wengine wakiitwa.

Bi Lebo alipoligundua kosa, alirudi kwenye lebo ile. Akalifuta jina la kistari, akaandika maelezo yake mwenyewe: chochote kinachoweza kunipa siku na saa. Kimetoka chumba gani, hakuuliza tena. Programu ikawaka, orodha ya wagonjwa ikaanza kujaa, jina moja moja, taratibu.

Nilimkasirikia, sifichi. Tulikwenda hospitali pamoja. Tukamkuta baba amelazwa, damu yake ikizunguka kwenye mipira myembamba, mashine ikinguruma kwa upole. Dada akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, kosa lilikuwa langu. Wauguzi usiwalaumu."

Baba akafumbua macho, akamtazama.

"Lako?"

"Langu, baba."

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Mimi nilidhani wamenifuta."